Mtani wa Afande

"Kuna mwenye maoni?" aliuliza Bwana Damas.

Makuli kumi na mmoja waliojipanga mbele ya mlango wa ghala hawakumtazama yeye aliyeuliza. Walimtazama Abdulkadiri. Naye Abdulkadiri, aliyesimama hatua mbili mbele yao, visigino vimegusana na mikono imebanwa mapajani, alijibu bila kugeuka nyuma.

"Hawana maoni, bwana."

Bwana Damas alitabasamu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amefunga tai katika jua la kupasua mawe. Tangu shirika la umma liuze ghala lake kwa tajiri wa Dar es Salaam, yeye ndiye aliyekuwa macho na masikio ya tajiri huyo hapa Dodoma. "Nimewauliza wao, Sajini. Siku hizi kazi ni timu. Na timu ina mawazo."

"Jeshi lina kichwa kimoja, bwana. Likiwa na vichwa kumi na viwili, hilo ni soko."

Makuli wakacheka, kwa kuwa Afande amechekesha. Bwana Damas naye akacheka kidogo, kisha akasema lililomleta. Magunia elfu mbili ya mahindi yatoke ghalani, yapakiwe kwenye lori, yafike stesheni kabla ya Jumamosi jioni, maana behewa halimngoji mtu. Lipo kundi jingine la wapakiaji lililokwisha kuiomba kazi hiyo kwa bei ya chini. Hawa wakimaliza kwa wakati watapewa mkataba wa mwaka mzima. Wasipomaliza, kila mtu ashike njia yake.

"Tutamaliza Ijumaa," alisema Abdulkadiri.

Hakumuuliza mtu. Hakuwa na desturi hiyo. Katika vita vya Kagera alivuka mto na watu thelathini, akarudi nao ishirini na tisa, na mpaka leo aliamini kwamba wale ishirini na tisa waliokolewa na kutoinua vichwa kabla hajasema. Alipotoka jeshini alifundisha mpira, timu ya Nyota ya Kati, akaichukulia kombe la mkoa kwa sheria ile ile: hapana mchezaji wa kupiga penalti kabla ya yeye kuitikia kwa kichwa kutoka benchi. Shirika lilipomwajiri kuwa msimamizi wa makuli, sheria akaihamishia ghalani. Huinui gunia kabla hajasema. Hulitui. Maji yenyewe hunywi. Na mtu asibishe. Katika miaka tisa hapakuvunjika mguu hata mmoja. Makuli walimwogopa, na walitembea kwa maringo sokoni Majengo kwa sababu ni watu wake.

Mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kumjibu, naye ni Zablon, Mgogo wa Haneti, aliyewahi kuichezea Nyota ya Kati. Abdulkadiri alizaliwa Majengo, lakini babu wa babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na msafara akiwa na pembe begani, akachoka, akabaki. Kwa hiyo hawa wawili walikuwa watani, na neno la mtani halikasirikiwi. Zablon aliweza kumwita Afande mwizi, mlafi, mzoga, mbele ya watu kumi, na Afande akacheka mpaka akashika mbavu. Mwingine angethubutu robo ya hayo, angelala bila kazi.

Alhamisi asubuhi Zablon alipiga ukelele kutoka ndani ya ghala.

"We Mnyamwezi! Njoo umwone mkweo, amelewa!"

Abdulkadiri aliingia. Zablon alikuwa ameweka kiganja juu ya lundo la tatu, lile kubwa kupita yote, lililokaribia kugusa mabati. Upande wa mlangoni lilikuwa limeinama, si sana, kiasi cha upana wa kiganja. Chini yake, sakafuni, palitanda unga mweupe laini kama majivu. Dumuzi, wadudu wa ghalani, walikuwa wamekula magunia ya chini tangu msimu uliopita. Kwa nje yameshiba, kwa ndani yamebaki vumbi.

"Limekunywa pombe ya kwetu hili," alisema Zablon. "Linatafuta pa kulala. Na wewe unataka tukalale nalo kitanda kimoja."

"Wagogo mnaogopa mahindi kwa kuwa hamyajui," alijibu Abdulkadiri. "Nyinyi mmezoea kuyaomba yakiwa yamekwisha kuwa ugali."

Makuli wakaangua kicheko. Zablon naye alicheka, ila kiganja chake hakikutoka kwenye gunia. "Tuanzie juu, Afande. Tulivue tabaka kwa tabaka, kwa adabu, kama unavyomvua koti mzee."

Kuanzia juu kulitaka ngazi, mbao mbili, na nusu ya siku. Kuanzia ubavuni, pale mlangoni, lori lilikuwa hatua kumi. Abdulkadiri aliipiga hesabu hiyo kichwani. Kule kuinama alikuona. Alikuona kama mtu anavyoliona wingu akajiambia hilo ni la Kondoa, si la hapa. Lau mtu angemwambia kwa maneno makavu, bila kicheko, pengine angechuchumaa akaushika ule unga. Lakini nani wa kumwambia? Msafiri, kuli mwembamba kuliko wote, alikuwa akiuchora unga kwa kidole gumba cha mguu, kimya. Mwaka juzi Msafiri alisema kamba imeoza, akarudishwa nyumbani wiki nzima kwa kuvunja watu moyo. Kamba kweli ilikatika. Msafiri hakusema tena neno.

"Wewe ndiye uliyesimama mbele ya goli tupu ukanitazama benchi mpaka beki akakunyang'anya mpira," alisema Abdulkadiri. "Mtu aliyetukosesha kombe la pili, leo anifundishe kazi?"

"Kombe nililikosa kwa kukusikiliza wewe. Roho nisiikose kwa hilo hilo. Nikifa utamlisha mke wangu Paulina?"

"Nitamwoa kabisa! Nitamlisha michembe ya kwetu mpaka asahau mlenda wenu!"

Ghala lilitikisika kwa vicheko. Anthony, kuli mnene, aliketi chini akijipiga mapaja. Zablon alijifuta machozi ya kucheka, akakunja gunia tupu, akaliweka begani. "Haya. Mashahidi wangu ni Mungu na mbuzi hawa kumi," akasema, akaenda ubavuni mwa lundo, akainama.

"Anza!" aliamuru Abdulkadiri.

Wakaanza, na wimbo wao ukaanza nao, sauti moja ikitoa na kumi zikipokea:

Mzigo unaye bwana,
mgongo una mwenyewe.

Kabla ya saa sita lori lilikuwa limekwenda mara mbili na kurudi. Abdulkadiri alikuwa amesimama nyuma ya lori, chaki mkononi, akichora mistari ubaoni. Zablon alikuwa akivuta gunia la tabaka la tatu kutoka chini. Msafiri alisimama akimkabili, akingoja zamu yake, na ndiye aliyeona magunia ya juu yakishuka kidogo, taratibu, kama kifua cha mtu anayetoa pumzi.

Baadaye Msafiri aliapa kwa maziwa ya mama yake kwamba muda wa kupiga kelele aliupata. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Lakini kwanza shingo yake iligeuka kumtazama Afande.

Kishindo kilisikika mpaka ng'ambo ya reli. Vumbi lilitoka mlangoni kama moshi. Lilipoanza kutua, wanaume kumi walikuwa wamesimama pale pale walipokuwa, mikono inaning'inia, nyuso zimeelekea upande mmoja.

"Toeni!" alipiga kelele Abdulkadiri, na sauti ilimpasuka. "Mtoeni! Mnangoja nini?"

Walijua walichokuwa wakingoja. Ndipo wakakimbia.

Zablon hakufika hospitali.

Ijumaa saa nne Bwana Damas alimwita Abdulkadiri ofisini. Palikuwa na kiti kimoja cha wageni, kifupi, cha kukalia watoto wa shule. Abdulkadiri alipokaa, magoti yalimpanda karibu na kidevu.

"Pole sana, Sajini. Tajiri amepiga simu, ameumia mno. Jeneza ni juu yetu, na gunia la unga la msibani, na lori la kuupeleka mwili Haneti kesho. Behewa limesogezwa mpaka wiki ijayo. Hilo ni la ubinadamu." Alisogeza karatasi mbili mezani. "Sasa kuna haya ya kiofisi."

Karatasi ya kwanza ilikuwa mkataba wa mwaka, jina la Abdulkadiri limekwisha kupigwa chapa. Ya pili ilikuwa maelezo ya ajali. Aliisoma taratibu, midomo ikicheza. Ilisema kwamba marehemu, licha ya kuonywa na msimamizi wake, alikaidi maelekezo na kuvuta gunia kutoka chini.

"Hakukaidi," alisema Abdulkadiri.

"Sajini." Bwana Damas alivua miwani. "Kama alikaidi, hakuna fidia, hakuna kesi, na kundi lako linabaki kazini. Kama ni amri ya msimamizi, basi atakuja bwana kazi wa serikali, atakuja wakili, na tajiri atasema: kundi hili silitaki. Una watu kumi. Wana wake, wana watoto, shule siku hizi ni za kulipia. Marehemu harudi. Kiongozi ni yule anayeilinda timu yake, si ndivyo?"

Abdulkadiri alitaka kusimama, kiti kikamng'ang'ania, akalazimika kushika ukingo wa meza ya kijana yule ili ainuke.

"Si leo," alisema Bwana Damas kwa upole. "Kazike kwanza. Jumatatu asubuhi."

Nyumbani Majengo, Sikudhani mkewe alikuwa akipepeta mchele uani. Alimtazama akiingia, akaona karatasi mbili mkononi, akaweka ungo chini.

"Umekula, Baba Rukaya?"

"Sina njaa."

Alimsomea zote mbili, maana Sikudhani hakujua kusoma.  Ndani, binti yao Rukaya alikuwa akipiga pasi sketi ya shule. Barua ya ada ilikuwa imebandikwa ukutani kwa gundi ya ugali tangu mwezi uliopita.

"Alikuambia?" aliuliza Sikudhani.

"Nani?"

"Zablon. Kuhusu hilo lundo."

"Aliniambia kwa utani."

"Angekuambia kwa njia gani nyingine?"

 Abdulkadiri alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaipachika gotini. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe, alisema maneno ambayo ulimi wake haukuyazoea.

"Unaonaje wewe, Mama Rukaya? Nitie sahihi?"

Sikudhani alicheka kicheko kifupi, kikavu kama ganda la karanga. "Miaka ishirini na sita nimo humu ndani. Uliuza kiwanja cha Chang'ombe, hukuniuliza. Rukaya ulimtafutia shule, hukuniuliza. Hata kitanda tunacholalia nilikikuta kimekwisha kununuliwa. Leo limekuwa zito, ndiyo unaniletea nilishike ncha?"

"Nakuuliza."

"Ukitia sahihi nitapika. Usipotia nitapika kitakachokuwapo, na kisipokuwapo nitaketi. Lakini uamuzi huu usinipe mimi. Hukunifundisha kuamua, na siku ya kuanza kufundisha siyo hii."

Akachukua ungo wake. Mchele ukaruka, ukatua, ukaruka.

Jumamosi lori liliwafikisha Haneti jua likiwa limeshapanda. Makuli kumi walikaa kulizunguka jeneza, migongo imeegemea mbao, na njia nzima hapakuwa na aliyeanzisha wimbo. Uwanja wa nyumba ya Zablon ulikuwa umejaa. "Mbukwenyi," walisalimia wenyeji, na mikono ikapita mikononi. Mchungaji alisoma, akaomba, akakaa. Paulina, mke wa marehemu, alikuwa kwenye mkeka na wanawake, kanga imefungwa kichwani, macho makavu yaliyokwisha kumaliza kazi yake usiku.

Walipofika kaburini, Mazengo, kaka mkubwa wa marehemu, aliinua fimbo. "Mtani wake yuko wapi? Ndugu yangu hawezi kuondoka kimya kimya kama aliyeiba mbuzi."

Watu wakageuka wakimtafuta, na nyuso zilizolia tangu juzi zikaanza kulegea. Hiyo ndiyo desturi. Mtani huingia kaburini, akamtukana maiti, akakataa kutoka mpaka alipwe, na wafiwa wakapata kucheka kidogo katikati ya kilio. Makuli walimpisha. Abdulkadiri alivua viatu, akashuka shimoni. Udongo ulikuwa baridi. Kingo zilimfika kifuani.

"Sitoki!" alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Sitoki! Shimo hili nimelipenda. Mgogo huyu alikuwa analala barazani kwa watu, leo mnampa chumba peke yake?"

Vicheko vikaanza, vya uoga kwanza, kisha vya kweli. Bibi mmoja alipiga vigelegele.

"Ameninyima hata deni la tumbaku, akakimbilia kufa!"

"Mwambie, Mnyamwezi!"

Abdulkadiri aliinua macho. Aliwaona wote kutoka chini: nyayo, pindo za kanga, nyuso zimemwinamia, zikingoja. 

"Nimemuua mimi," alisema.

Wakaangua kicheko kikubwa kuliko vyote. Mtu alirusha sarafu shimoni, kama ilivyo ada, ya kumtoa. Ikampiga begani.

"Nimemuua mimi! Alinionyesha lundo linaanguka, nikamwambia aingie!"

"Haa! Mnyamwezi huyu hana dini!" Sarafu nyingine zikaja, tatu, nne, zikimgonga kifuani na kudondoka miguuni. Mzee mmoja alikuwa akijifuta machozi kwa kucheka. "Mlipeni atoke, atatumaliza!"

Abdulkadiri alisimama katikati ya sarafu zile. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na hiyo nayo ikawachekesha.

Paulina hakucheka. Aliinuka mkekani, wanawake wakajaribu kumshika, akawaondoa mikono. Alikuja mpaka ukingoni, udongo ukimeguka chini ya vidole vyake.

"Shemeji," alisema. "Hayo ni ya utani, au ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, shemeji."

Kicheko hakikuzimika mara moja. Kilizimika mtu mmoja mmoja, kuanzia mbele kwenda nyuma, na waliokuwa nyuma kabisa walikuwa bado wanacheka wakati wa mbele wamekwisha kushika midomo.

"Aliniambia tuanzie juu. Nilitaka kumaliza mapema. Aliniambia kwa utani kwa kuwa kwangu hapakuwa na mlango mwingine. Jumatatu wananitaka nitie sahihi kwamba alikaidi, usilipwe kitu. Hakukaidi. Alinitii. Mwanamume huyu hajawahi kukataa amri yangu hata siku moja."

 Paulina hakumtukana, wala hakulia. Aligeuka akarudi mkekani akaketi, akawapa watu mgongo.

"Nami niliona," alisema Msafiri. Alikuwa upande wa pili wa kaburi, na hakumtazama mtu. "Magunia yalishuka nikayaona."

"Unga tuliukanyaga wote," alisema Anthony. "Hakuna ambaye hakuukanyaga."

Hapakuwa na mkono wa kumvuta Abdulkadiri. Alipanda mwenyewe, tumbo likiburura udongo, kanzu imepasuka mfukoni, akasimama pembeni akihema. Kamba zikaletwa. Wanne waliteremsha jeneza, na ilikuwa ajabu kwake kuona jinsi walivyoliteremsha sawasawa, pande zote kwa pamoja, wakitazamana wao kwa wao na kunong'onezana: kwako kidogo, shikilia, haya.

Alinyoosha mkono kushika koleo. Anthony aliyekuwa nalo hakuliachia.

"Jumatatu tutakwenda ofisini sisi," alisema Msafiri. "Wote kumi. Tutaeleza yaliyotokea."

"Mkataba utakwenda," alisema Abdulkadiri.

"Tunajua."

"Watawapa wale wengine."

"Tumesema tunajua."

Alitaka kuwaambia wasiende kwa kelele. Alitaka kuwaambia nani atangulie kusema, na wavae nini, na wasikubali kukaa kwenye kile kiti. Maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga mdomoni, yamesimama wima. Bonge la udongo lilianguka juu ya mbao, likatoa mlio wa pipa tupu.

"Mzee," alisema Msafiri, "sogea kidogo. Tufukie."